Wiski Kwenye Pipa la Glenys

Cyril, haya ni kweli tupu! Nikidanganya, meno yangu ya bandia yanikwame kooni.

Mwandishi wa gazeti la udaku kachakura pipa la taka la Glenys, jirani yangu mwigizaji. Pipa la taka, Cyril! Kinyaa kilioje!

Leo ukurasa wa mbele: "GLENYS MLEVI", na picha ya chupa zake za wiski. Watayarishaji wanataka kumtoa kwenye tamthilia yake.

Nikafoka, "Fisi hawa!"

Mke wangu akaikodolea macho picha. "We mzee, mbona chupa hii imevaa soksi niliyokufumia?"

Niliivisha isigongane na nyingine nikienda kuzificha pipani kwa Glenys, mke wangu asizione. Ningejuaje wanapiga picha taka?

Basi nimetoka kusimamishwa na mke wangu langoni kwa Glenys mbele ya kamera zote, nimeinua mguu wenye soksi ya pili, natangaza, "Wiski ni yangu."