Waya Kwanza, Umeme Mwisho

Khotsa, mjomba wangu,

Nakuandikia kwa kalamu ya ofisi, unisamehe. Bado ni mimi yule karani wa masjala anayesoma namba ya faili mara tatu kabla ya kuirudisha rafuni, kisha anarudi kuisoma tena. Ulizoea kunicheka: "Khasandi, wewe hata kivuli chako unakidai kitambulisho." Jumapili iliyopita ungenicheka zaidi.

Siku ya kunyoa nywele, baada ya kukuzika, wazee waligawa vitu vyako. Koti lilikwenda kwa kaka yako, baiskeli kwa jirani uliyeimba naye kwaya. Ilipotolewa ile mashine yako ya gemu, waya zake zimefungwa kwa uzi wa gunia, walitazamana. "Mpeni huyu karani," mmoja akasema, "amezoea kutunza vitu visivyotumika." Watu wakacheka. Nami nikacheka huku nalia.

Nikaiweka chini ya kitanda chumbani kwangu Shirere. Miezi saba sikuigusa. Niliogopa kuiunguza, maana ilitoka ng'ambo na inakula nusu tu ya umeme wetu; bila ile transfoma yako ndogo, imekwisha. Zaidi niliogopa memori kadi, kale kakipande kadogo kuliko kiberiti, ambamo uliandika timu yako ya mpira, kila mchezaji kwa jina la mtu wa nyumbani. Kidole kimoja mahali pabaya, tumefutika wote.

Lakini Mmbone wako ametimiza miaka tisa, na kila akiniona ni swali lile lile: "Dada, timu ya Baba bado imo?" Basi Jumapili, baada ya kanisa, nikaibeba hadi kwenu.

Mambo yamebadilika, Khotsa. Anti, mama Mmbone, amenunua TV bapa. Ile yako yenye mgongo iko jikoni, kuku anaatamia juu yake. Na hii mpya haina tundu la njano! Nyekundu lipo, jeupe lipo, la njano hakuna. Nikachomeka waya wa njano kwenye tundu la kijani, jasho likinitoka. "Waya kwanza, umeme mwisho," nikasema, kama ulivyosema wewe, nikawasha. Picha ikaja haina rangi, kama majivu. Anti akashika mdomo. Nikajua nimeiua.

Ndipo nikakukumbuka. Nikiwa darasa la tatu uliniachia waya zote mkononi. Hukugusa hata mmoja. Uliketi kwenye stuli ukaikalia mikono yako, yote miwili, isije ikanisaidia. Nilipokosea ulisema tu, "Mashine haijakasirika. Iulize TV inatazama wapi." Mtu mzima mwingine wa kukalia mikono yake sijamwona. Ofisini, mkubwa wangu hunipokonya faili kabla sijaifungua.

Nikachukua rimoti, nikaiuliza TV. Kumbe ilikuwa inatazama matundu mengine. Nikaigeuza, na uwanja ukawa kijani. Mmbone alipiga kelele hadi kuku akashuka.

Timu imo, Khotsa. Mmbone ni namba tisa. Anti ni beki wa kati, kwa sababu, ulisema, hapo hapiti mtu. Mimi niko golini. "Golikipa akiwa mwoga, hasinzii," uliniambia, na nilitembea wiki nzima kifua mbele. Na wewe, uliyetupanga wote, umejiandika wa mwisho, kwenye benchi. Sikuwahi kujua. Anti alilitazama jina lako, kisha akaenda kuangalia chai ambayo hakuwa ameiteleka.

Tulifungwa nne bila. Nilipokuwa nachomoa waya, Mmbone akasema, "Jumapili ijayo nichomeke mimi."

Nilitaka kukataa. Kisha nikawaza: siku ile ya darasa la tatu, kadi ilikuwa mle mle ndani, na timu yako yote imo. Ulijua ningeweza kuifuta. Ukakaa tu.

Nimemwambia sawa.

Lala salama, Khotsa. Tuangalie kutoka hapo benchini. Jumapili nitavuta ile stuli yako, Mmbone atashika waya, nami, nakuahidi, nitaikalia mikono yangu.

Golikipa wako,
Khasandi