Mimi wa Kwenye Shairi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na goti lile limeacha kukusumbua. Shemeji naye hajambo? Nimesikia amenunua redio mpya na siku hizi mnasikiliza anachotaka yeye. Mwambie afaidi upesi, maana nakujua, haitadumu. Mimi huku ni mzima kabisa. Nakula, nalala, na mdomo wangu bado haujapata breki. Jina la Chiriku ulinipa wewe mwenyewe, kwa hiyo usilalamikie urefu wa barua.

Nina ombi, dada, na naliweka mbele kabisa usije ukasema nimekuzungusha. Kuna shairi linatakiwa kuingizwa kwenye kitabu cha wanafunzi, na haliwezi kuingia mpaka wewe uridhie. Ukikataa, limekwisha, wala sitanuna. Lakini siwezi kukuomba kabla sijakueleza limetoka wapi, kwa hiyo vuta kiti.

Unajua kazi yangu ni kwenye karakana ya sare za shule. Mimi niko chumba cha nyuma, tunakotia vifungo, kukunja pindo na kupiga pasi. Cherehani ziko mbele huko na kelele zao. Kwetu ni sindano za mkono tu, na mtu ukikohoa wote wanakugeukia. Ndiyo maana nilikuta desturi yao moja: mmoja husoma kwa sauti, wengine wanashona. Msomaji hashiki sindano, wenzake wanagawana mashati yake. Aliyekuwa akisoma alipostaafu, wote wakanitazama mimi. Eti mwenye maneno mengi ndiye mwenye sauti. Sikukataa. Tangu lini mimi nikakataa kusikilizwa?

Nilianza na utenzi mmoja mrefu, habari za mjane aliyemfuata mfalme kumdai mwanawe. Beti zake fupi, na kila mmoja unauvuta unaofuata. Nilijifunza kumpa mfalme sauti nzito na mjane sauti ndogo isiyotetemeka, maana nilipomliza walicheka. Na ule ujanja wa kukata pabaya niliujua mwenyewe: kengele ya chakula ikikaribia, nafunga kitabu pale mtumbwi unapoanza kuingiza maji. Walinitukana, lakini sindano zilikwenda mbio. Mama Mkasi, ambaye ndiye mkubwa wetu na mkali kwelikweli, siku niliyosoma beti za vita alishona kifungo kikashika shati pamoja na gauni lake. Alipoinuka, akainuka na sare ya mtoto wa watu mapajani. Tulicheka mpaka msimamizi akaja kuuliza nani kaumia.

Utenzi ukaisha, nikaona sasa niwaletee kitu kingine. Nikaleta shairi la ubeti mmoja tu, nikalisoma, nikanyamaza. Nao wakangoja. Mwisho Mama Mkasi akauliza, “Halafu ikawaje?” Nikamwambia hakuna halafu, ndiyo basi. Akaniambia nisiwe mvivu, nifungue ukurasa wa pili.

Hapo nikajitia ualimu. Nikawaeleza kwamba kuna mashairi yanayosimulia kisa na kuna mashairi yanayosema moyo ulivyo. Kwamba taswira ni picha inayochorwa kwa maneno, na dhamira ni lile wazo lililolala chini ya picha. Yote sahihi, na wote wakapiga miayo. Mpiga pasi wetu, tunayemwita Mvuke, akasema shairi hakulielewa, lakini maelezo yangu hakuyaelewa zaidi.

Nilikasirika, sikufichi. Nilikula chakula changu peke yangu dirishani, nikilisoma lile shairi chini chini, na ndipo nikaona kosa ni langu. Nililisoma kama utenzi. Nililisukuma liende mbele, na lenyewe halina safari, limekaa mahali pamoja linatazama. Nikarudi ndani, nikawaambia nalisoma tena na siulizi maana yake. Nauliza mnaona nini, basi. Safari hii nilikwenda polepole, nikipumzika katikati ya kila mstari, na maneno nikayaacha yafike.

Mama Mkasi akasema anaona mgongo wa mtoto mlangoni, na mwanga mwingi mbele yake. Mwingine akasema anaona mkono wa mtu mzima umebaki hewani. Tukabishana kama mtoto ana hasira au anacheka. Mvuke alisimamisha pasi kwenye kisigino chake, na baadaye akasema taratibu, “Huyu mtoto hayupo tena.”

Wakamrukia. Limesemwa wapi? Hakuna ugonjwa mle, hakuna kaburi. Yeye akajibu, “Hakuna anayetamani kosa la mtoto ambaye bado yuko nyumbani analifanya kila siku.”

Dada, chumba kizima mikono ilisimama. Msimamizi alikuja kwa sababu ya ukimya, akidhani tumeondoka, naye akabaki amesimama. Nyuma yake alikuwepo mwalimu mmoja wa kike, kaja kuchukua sare za shule yake, furushi mikononi. Mama Mkasi akaniambia nisome tena, nikasoma tena. Wakati wa kuondoka yule mwalimu akanifuata. Wanakusanya mashairi ya kusomwa kwa sauti darasani, akaniomba hilo, na akataka kujua mtunzi ni nani, na huyo mimi anayesema ndani yake ni nani. Nikamwambia la kwanza naweza kujibu, la pili sina ruhusa.

Sasa nalisema, na uketi vizuri. Shairi nimelitunga mimi. Lakini mimi wa kwenye shairi si mimi. Ni wewe. Asubuhi ile ya mlangoni ulinisimulia mara moja tu, tukiosha vyombo, kabla ile homa iliyomchukua mwanao haijatimiza hata mwaka. Hukuirudia tena, na sisi ndugu zako tukajifunza kuizunguka kama shimo la njiani. Mimi nikaichukua. Nikavaa sauti yako bila kukuomba, nikasoma mbele ya watu kitu ambacho hukuwa umekisikia. Sijutii kukitunga, na sitakudanganya kwamba najuta. Kinachoniuma ni kwamba ulistahili kuwa wa kwanza. Hili hapa:

Kifungo umekiruka, sweta laenda upande,
Mkono nikiuweka, wasema niache, nende,
Mlangoni ukatoka, nami nyuma nikulinde,
Sasa vyote vimenyoka, natamani cha upande.

Usilipitie kwa macho tu ukalikunja. Funga mlango, mtoe shemeji na redio yake, ulisome kwa sauti, na kila katikati ya mstari uvute pumzi. Mstari wa tatu mimi hukwama. Siku ile nilikwama mbele yao wote, na hakuna aliyenisukuma, walinisubiri mpaka nikaendelea. Nawe ukikwama, jisubiri.

Nisalimie majirani wote, na yule shangazi asiyeniamini mpe salamu mbili. Mama Mkasi naye anakusalimu sana. Hajui wewe ni nani katika habari hii, anajua tu nina dada ninayempenda.

Limebaki neno moja. Mwalimu anataka shairi liwe na kichwa. Nimejaribu vingi, vyote vya uongo. Kinacholifaa ni kimoja na si changu kukiandika. Tangu msiba ule hakuna kati yetu aliyelitaja jina lake mbele yako. Tulijiambia tunakuhurumia wewe, na nadhani tulikuwa tunajihurumia wenyewe, kwa maana mimi nalikumbuka kila siku na nina hamu ya kulitamka. Kama hutaki, niandikie hapana, nitaelewa. Kama unakubali, usijisumbue na barua ndefu. Chukua karatasi, uandike jina la mwanao, hilo tu, kwa mkono wako. Nami nitaliweka juu ya ubeti, watoto darasani walisome kwanza, kwa sauti.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Chiriku