Onyo Lililotoka Nje ya Dirisha

Jumatatu, 24 Machi
Asubuhi fremu, mchana fremu, hivi visanduku vya kupangia maandishi kwenye dirisha la programu. Moja kubwa, ndani yake tatu: jina la mgonjwa juu, dawa katikati, chini onyo jekundu la mzio. Kwenye skrini yangu dirisha linapendeza. Zahanati ya hapa Kagugu wanaanza kutumia programu yangu keshokutwa. Nimejisifu mwenyewe, maana hakuna wa kunisifu.

Jumatano, 26 Machi
Aibu. Aibu tupu.

Nesi Espérance aliweka lugha ya Kinyarwanda. Maneno yakawa marefu, yakashuka mistari miwili miwili, yakasukuma kila kitu chini. Onyo likatoka nje ya dirisha. Mimi nilijaribu kwa Kiswahili tu, tena kwenye skrini kubwa. Kulikuwa na mtoto mwenye mzio wa penisilini, na nesi alikuwa ameshaishika chupa yake. Mama yake ndiye aliyepiga kelele. Mtoto mzima, Mungu ashukuriwe. Nilitoka nje.

Daktari kasema, onyo lisipoonekana ifikapo Ijumaa, wanarudi kwenye makaratasi, na mimi nisirudi. Ana haki.

Alhamisi, 27 Machi
Nimechanganya mipangilio miwili ndani ya fremu moja: ule wa gridi, yaani safu na mistari, na ule wa kupanga kimoja baada ya kingine. Programu imegoma. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Nilijua, nikafanya hivyo hivyo kwa woga. Nimemfokea dada yangu bure.

Jioni. Mjinga mimi! Fremu zinapewa nafasi kwa zamu, na onyo nililipanga la mwisho. Nafasi ikiisha, wa mwisho anakosa. Sasa nimelipanga la kwanza, nikalibana palepale chini ya dirisha. Orodha ya dawa ndiyo ijibane, yenyewe inasogezwa juu na chini. Nimepunguza dirisha mpaka likawa kama kiganja. Onyo lipo. Nimemwomba dada msamaha, kanicheka.

Ijumaa, 28 Machi
Espérance kaweka Kinyarwanda, kisha kapunguza dirisha makusudi huku ananitazama. Onyo halikubanduka.

"Yego, ndiyo! Sasa iko inaonekana, dada, hata bila miwani."

Daktari kaitikia kwa kichwa, basi. Nimekaa kwenye benchi la wagonjwa nikalia kidogo. Afadhali, jamani. Afadhali.

Jumamosi, 29 Machi
Umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa kila mwisho wa mwezi. Tumelima majani kando ya mtaro. Yule mama aliyepiga kelele zahanati alikuwa karibu nami, mtoto mgongoni, amelala. Sidhani alinitambua. Majembe hayakutosha. Tumepokezana moja, yeye na mimi, mpaka kazi ikaisha.