Nimejitoa

Jumatatu, 3 Machi 2014
Gitega. Daktari kasema uvimbe wa titi haujapungua, dawa imeshindwa. Kuna utafiti wa dawa mpya. Nusu ya wagonjwa wanapewa mpya, nusu wanabaki na ya zamani — kompyuta ndiyo inachagua. Nimeuliza kama naweza kuongea na hiyo kompyuta. Hakucheka. Anataka jibu Ijumaa.
Soksi zake: moja nyeusi, moja bluu. Hilo ndilo nimelishika vizuri.

Jumanne, 4 Machi
Nimelala Yoba, mtaa wa hapa Gitega, kwa mdogo wangu, Imelda. Dada, kasema, wakujaribie dawa wewe, kwani panya wameisha? Nikamwambia wa jikoni kwake wanatosha nchi nzima. Kaanza kulia. Mimi nimekula ndizi.

Alhamisi, 6 Machi
Muyinga, nyumbani. Mume wangu Anatoli ana maoni juu ya kila kitu, hata namna malori yanavyojipanga mpakani Kobero. Leo kasema tu: utakachoamua wewe. Kisha kaenda kupalilia maharage aliyoyapalilia jana.

Ijumaa, 7 Machi
Donatien kapiga simu — nesi wa utafiti, Mkongomani wa Uvira, mpole.
— Allo, mama! Dokta anauliza, iko namna gani?
— Nimejitoa.
— Ah bon. Kuraje, mama, jipe moyo.
Kakata. Nilidhani nitatetemeka. Nimemenya mihogo.

Jumatatu, 10 Machi
Gitega. Nimekuja kuanza, nakuta jina langu limepigwa mstari mwekundu! Kanisani Mishamo, Tanzania, nilikokulia, anayejitoa kwa Mungu husimama mbele, watu wakaimba. Kwa Donatien anayejitoa amekwenda zake.
— Mi nilisikia umetoka, mama!
Kacheka. Kisha kaona sicheki.
Siku tatu nilikuwa nje na sikujua. Nilikula, nililala. Titi lilelile.
Anaweza kunirudisha, lakini orodha inafungwa saa sita. Sasa ni saa sita kasoro dakika tano. Imelda, kando yangu kwenye benchi, ananong'ona: Dada, Mungu ameshajibu, twende nyumbani.
Fomu mpya iko magotini. Jina nimeandika. Bado sahihi. Kalamu ya Donatien imegoma, anaomba hii yangu ninayoandikia.
— Lete basi, mama!
Nimemwambia angoje nimalize mstari