Nati Alizokaza Baba Zuhura

Tunduma

Mama yangu mzazi,

Assalaam alaykum. Goti lako linasemaje na baridi hii? Na yule mbuzi mwekundu, ameshazaa au bado anawazungusha? Sisi huku watoto wanakula na kulala, alhamdulillah. Mimi nipo. Nikikuambia ni mzima utajua nakudanganya, maana wewe ndiye uliyenizaa.

Nakuandikia kwa sababu simu imetushinda. Nikisikia tu sauti yako nalia, nawe unalia, kaka Hamisi anakunyang'anya simu akisema "basi, basi", na siku inapita hatujaambiana kitu. Atakayekusomea barua hii nadhani ni Hamisi huyohuyo. Asiruke mstari, hata pale ninapomsema yeye.

Mama, ulisema nikitoka eda niuze kirikuu, kigari cha mizigo cha marehemu, nifunge mizigo, nirudi Kondoa nikae na wewe. Sikukujibu. Si kiburi, sikuwa na jibu. Sasa ninalo, ila ni refu na lina matairi ndani yake, kwa hiyo nivumilie.

Unajua jinsi Baba Zuhura alivyoondoka, lakini uliambiwa na watu wa kwenye simu, kila mmoja na lake. Mimi nakwambia kama nilivyoambiwa na jirani yetu Baba Tumsifu, aliyefika pale mapema na ndiye aliyelirudisha gari nyumbani. Mume wangu alikuwa ametoka kushusha maparachichi Mbeya, anarudi mtupu. Alipofika Nanyala tairi la nyuma, upande wa kushoto, likapasuka. Hakuyumba, hakugonga mtu. Akaegesha pembeni, akakata matawi ya mkaratusi akayapanga barabarani ili wanaokuja wajue mbele kuna gari bovu, kama madereva wote wanavyofanya. Akafunga tairi la akiba, akakaza nati, akarudisha jeki mahali pake. Kazi ilikuwa imekwisha, Mama. Wengine hapo wangewasha gari wakaondoka, matawi wakayaacha yawasumbue wenzao, na barabara hii imejaa matawi ya watu wa namna hiyo. Yeye akarudi kuyaokota. Mengi alikuwa ameshayatupa ndani ya bodi la nyuma la gari wakati lori lilipotokea likikimbilia mpakani.

Zuhura aliniuliza kama baba yake alimaliza kuyaondoa yote. Nikamuuliza Baba Tumsifu. Akasema lilibaki moja.

Gari halina hata mkwaruzo. Hilo ndilo lililonitesa siku zile za mwanzo, kuliona limesimama uani karibu na kamba ya nguo, zima kabisa, kama limerudi na kumsahau mwenyewe njiani. Nilitaka liuzwe siku hiyohiyo. Halafu Baba Tumsifu akaja na mkewe wakakaa kwenye mkeka. Yeye alikuwa dereva wa malori mpaka tajiri wake alipoona amezeeka, na tangu hapo anashinda nyumbani akigombana na kuku. Akasema, "Mama Zuhura, mimi nitaliendesha. Tutakachopata tutagawana. Ila kwa matairi haya vipara, silitoi hata hapo getini."

Basi hapo ndipo mjadala ulipoanza. Yanunuliwe wapi, yafungwe wapi? Utadhani naoza binti. Hamisi wetu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, akawa profesa wa matairi. Akasema yanunuliwe huko yaletwe kwa basi. Nikamuuliza, na fundi pia utampakia kwenye buti? Wengine wakasema tuvuke upande wa pili wa mpaka, Nakonde, kule bei ni ya kirafiki. Lakini mtu akikuuzia ng'ambo, kesho ukirudi na malalamiko unamkuta nani? Wengine wakasema Mbeya, kwenye maduka makubwa. Kwenda Mbeya lazima upite Nanyala, na nikisema upite, nasema upite juu ya matairi yaleyale. Nikasema hapana.

Mimi mwenyewe siwezi kwenda kutazama, unajua. Mama Tumsifu hilo alilichukua kwa uzito wake wote. Yeye ni Mnyiha wa Hasamba, mwanakwaya, mwanamke aliyenilisha kwa kijiko wiki ile nilipokataa kula. Mambo ya eda hayajui. Akaniuliza, "Yaani hutoki kabisa? Hata kuchungulia tairi tu?"

"Hata tairi."

"Mwe! Basi tairi litakuja kukuchungulia wewe."

Nikafikiri ni mzaha. Asubuhi yake nasikia kelele nje, kufungua pazia naona wauza matairi wa mjini wamepanga foleni mlangoni, kila mmoja anaviringisha lake. Aliwapitia wote akawaambia mjane hatoki, bidhaa imfuate. Mmoja aliyezoea wateja wa Kizambia ananiita mama kwa lugha yao kupitia dirishani, "Bamayo, hili jipya kabisa, bamayo, gusa mwenyewe." Wazee wawili waliokuja kunipa pole wakasimama nje wakidhani wamekosea nyumba. Na kuna mtu mwingine kabisa, mpita njia, akaanza kuuliza bei ya tairi la trekta. Mama, nilicheka. Mara ya kwanza tangu msiba. Nikacheka mpaka nikakaa chini, halafu kicheko kikageuka kikawa kile unachokijua, na Mama Tumsifu akawafukuza wote akabaki kunishika mgongo na kusema, "Nisamehe, mwenzangu, sikujua." Hakuwa amekosa kitu. Nilimwambia hivyo.

Lakini katika foleni ile kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuja, nami ndiye niliyekuwa namtafuta kwa macho.

Anaitwa Simbeye, fundi wa matairi pale kona ya barabara. Ni yeye aliyemuuzia Baba Zuhura tairi lililopasuka. Lilikuwa tairi lililokwishatumika, na hakumficha. Alimwambia, "Kaka, hili la kusogeza siku tu." Najua kwa sababu Baba Zuhura alikuja kunisimulia mwenyewe, huku anacheka na kula muhogo, eti Simbeye siku hizi anauza siku badala ya matairi. Kwenye msiba watu walinong'ona mengi juu ya Simbeye. Naye alikuja, akakaa kule mwisho wa turubai la wanaume, hakuinua kichwa. Tangu siku hiyo hapiti mbele ya nyumba yangu. Anazunguka nyuma kwenye mtaro, jua au tope, akiwa amebeba vyuma vyake. Namwona kupitia dirisha la jikoni. Mama, mtu hawezi kuzunguka mtaro maisha yake yote.

Nikaamua. Baba Tumsifu apande basi aende Vwawa, kuna duka la matairi mapya ambayo bado yana vinyweleo vya mpira, achague manne, ahakikishe si ya kukaa ghalani miaka. Duka wakasema kufunga ni bure ukipeleka gari. Nikasema asante, yaletwe tu. Yatafungwa hapahapa uani, na atakayefunga ni Simbeye.

Hapo hata Mama Tumsifu alinitazama mara mbili. "Yule yule?"

"Huyohuyo. Nitajie fundi mwingine Tunduma nzima atakayelitazama gurudumu la gari hili kwa uangalifu kuliko yeye."



Nilimuuliza pia bibi anayekuja kunisomea Kurani. Akasema uani kwangu, watu wakiwepo, nami nikiwa nimejisitiri, kwa haja kama hiyo hakuna ubaya. Basi nikamtuma Mama Tumsifu akamwite fundi. Sijui alimwambiaje, pengine alisema tu "mjane anakuita". Mchana tunaona watu wawili wanaingia getini wamevaa makoti, jua la kuchoma. Simbeye na baba yake mkubwa. Mzee amevua kofia, ameishika kifuani. Amekuja kumsemea mtoto wake, kuomba radhi kwa niaba ya ukoo, kama inavyofanyika mtu akiitwa kwenye kosa kubwa. Mzee akaanza hotuba yake, amejiandaa vizuri masikini.

Nikasema, "Simbeye, umekuja na mzee badala ya spana?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Shemeji?"

"Nimekuitia kazi. Matairi yale pale. Mzee wangu, karibu chai, hotuba yako nimeipokea yote, na ile ambayo hujaisema pia."

Akasimama palepale. "Shemeji, mimi nilimwambia. Nilimwambia ni la kusogeza siku."

"Najua. Alinisimulia akicheka."

Akalia mwanamume yule, mbele ya baba yake mkubwa na kuku wa Baba Tumsifu. Halafu akavua koti, akaenda kuchukua vyombo vyake, na safari hii alipita mbele ya nyumba.

Akaanza kazi. Mimi nilikaa kizingitini na buibui langu, Zuhura pembeni yangu. Magurudumu ya mbele akamaliza, la nyuma kulia akamaliza. Akahamia kushoto. Akapiga goti, akaweka spana kwenye nati, kisha akaitoa. Akabaki amelitazama gurudumu lile.

"Shemeji," akasema, "hili ni lile alilofunga mwenyewe. Mimi siwezi kulifungua."

Baba Tumsifu akasogea amsaidie. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Acheni."

Unamkumbuka mkwe wako alivyokuwa anafunga vitu. Ulipokuja kutusalimia ulilalamika kwamba kulifungua dumu la mafuta hadi uite mwanamume. Bomba letu la uani halikufunguka kwa mkono wa mwanamke hata siku moja. Nilikuwa nagombana naye, unamfungia nani, kuna mwizi wa maji hapa? Anajibu, "Kitu kilegevu hakinipi usingizi." Basi nikaweka spana kwenye nati ya kwanza, nikasukuma. Haikutikisika. Nikasukuma kwa mikono yote miwili. Hakuna. Nikapanda juu ya spana kwa miguu, nimeshika ubavu wa gari, mwili wangu wote umelalia pale, na ikawa kama zamani tunashindana, mimi nafungua yeye anakaza. Mama, nguvu zake zilikuwa bado mle. Mwili tumeuzika, nguo zake nimezigawa, sauti yake imeanza kunipotea nikiitafuta, lakini nguvu za mkono wake zilikuwa pale kwenye nati, zimenisubiri wakati wote huu na mimi naanika nguo pembeni. Nilitamani isifunguke.

Ikafunguka. Ililia kama mlango wa kutu. Nikafuta machozi kwa mtandio nikaendelea na ya pili, ya tatu, mpaka zikaisha. Zuhura alikuwa anazipokea moja moja kwenye kanga yake.

Simbeye akavalisha tairi jipya, akalipachika, akazianza nati kwa vidole. Halafu akanikabidhi spana, akageuka upande wa pili.

Kwa hiyo jibu langu ndilo hilo, Mama. Gari siuzi, na kurudi sirudi kwa sasa. Watoto wanasoma hapa, baba yao amelala hapa, na kaburi lake sijaliona hata mara moja kwa sababu ya eda. Siwezi kutoka ndani ya nyumba hii nikapanda basi la Kondoa bila kwenda kumsalimia. Najua utaumia. Najua ulishanitandikia kitanda cha chumba cha uani, Hamisi ameniambia. Kitandue tu, au lala wewe, kina godoro zuri. Lakini usikae na kinyongo na mimi. Naomba radhi yako, kwa sababu bila hiyo hata matairi mapya hayatanifikisha popote.

Nisalimie kaka Hamisi, na umwambie matairi yamepatikana bila basi lake. Nisalimie mke wake, mwambie kanga aliyonitumia ndiyo hiyo Zuhura aliyopokelea nati, imeingia grisi, anisamehe. Shangazi anayeuza karanga sokoni mpe pole ya macho. Na mwalimu wangu wa madrasa, kama bado anaweza kusikia, mwambie Mwanaidi anaomba dua kwa ajili ya mtu aliyekufa akiondoa matawi barabarani. Yeye ndiye aliyetufundisha tukiwa wadogo kwamba kuondoa udhia njiani ni sadaka.

Kesho alfajiri Baba Tumsifu anatoka kwa mara ya kwanza, anafuata mahindi Hasamba. Leo jioni Simbeye alitaka kusafisha nyuma ya gari akatupe yale matawi makavu. Nimemkatalia. Yabaki, dereva akikwama asihangaike kukata mengine. Tairi alilofunga Baba Zuhura tumelirudisha mahali pa akiba. Na zile nati za nyuma kushoto nimezikaza mwenyewe, Mama, kwa nguvu zote nilizonazo, nikapanda juu ya spana. Baba Tumsifu amezijaribu akasema zimekaza vizuri. Lakini mimi, kabla sijazifungua, nilikuwa nimeweka alama ya chaki pale zilipokuwa zimefika kwa mkono wake, na zangu hazikufika.

Mwanao,
Mwanaidi, Mama Zuhura