Tangi Juu ya Chumba cha Mama

Jumatatu, 1 Desemba

Nimekata majani ya ng'ombe, nimekamua, nimempelekea Mama chai, nimekwenda Kiboriloni kuuza ndizi, nimerudi. Siku kama zote. Kumbe sebuleni kuna tangi la samaki. La kioo, refu kuliko kochi letu. Deo amelinunua kwenye hoteli moja ya mjini iliyofungwa, na vijana wamelibeba hadi huku juu Kilema wakihema.

Mume wangu analizunguka kama mtu aliyenunua gari. Krismasi hii, anasema, watakaa waangalie. Anaowasema ni kaka zake wa Dar. Yeye ndiye kitinda mimba, kwa hiyo nyumba ya marehemu baba yao ni yake, na kumtunza mama yao ni kazi yake. Yaani yangu. Kila Desemba wanakuja, na kila Desemba wanakagua, kuanzia bati hadi choo.

Tangi ni zuri, sikatai. Lakini nyumba hii imejengwa mteremkoni. Mbele unaingia moja kwa moja kutoka barabarani. Nyuma ardhi inashuka, na chini ya sebule kuna chumba cha mawe anachokaa Mama tangu magoti yake yalipokataa ngazi. Kati ya kichwa chake na miguu yetu ni mbao tu. Nimeuliza, hilo likijaa maji je? Deo akaniambia nisianze.

Jumatano, 3 Desemba

Amekuja Fundi Eliapenda, seremala wa Himo. Kabandua ubao mmoja sebuleni, kachomeka bisibisi kwenye boriti. Imezama kama kwenye parachichi lililoiva. Mchwa. Si boriti zote. Zile za katikati, palepale Deo anapotaka tangi likae ili mtu akifungua mlango tu alione.

Fundi anasema tangi likijaa ni sawa na kusimamisha ng'ombe wa maziwa sebuleni, halafu asiondoke. Liwekwe kando ya ukuta wa mawe, likatize boriti nyingi, lisilale juu ya moja. Na chini lazima nguzo. Mirunda miwili na boriti mpya ya kukatiza, chumbani kwa Mama, hata leo.

Deo akasema atafikiria. Fundi alipoondoka ndipo nikaambiwa ukweli. Kaka Aloyce, mkubwa wao, akishuka kumsalimia mama yake akakuta dari imeshikiliwa na mirunda, atasema nini? Atasema mzee alimwachia Deo nyumba na Deo ameiacha inaanguka. Afadhali kufa kuliko aibu hiyo, anasema.

Sikumwuliza afe nani. Niliogopa kuuliza.

Jumamosi, 6 Desemba

Deo amepata dawa yake. Marumaru. Nyeupe, za kung'aa, kama za benki. Eti sakafu ikiwa ngumu juu, haihitaji nguzo chini.

Wamemwaga zege juu ya mbao zilezile. Nimebeba mchanga kwa ndoo tangu asubuhi, na kila ndoo niliyomwaga nilijiambia na hii nayo ni mzigo. Sakafu mbovu tumeibebesha sakafu nyingine. Nilisema mara moja kwa upole. Mara ya pili bila upole, na Deo akanijibu:

"Mama Neema, siku hizi umekuwa fundi?"

Sijawa fundi. Nina macho. Eliapenda ni fundi na amekataa kuigusa kazi hii, ikabidi Deo atafute mwingine.

Ijumaa, 12 Desemba

Tangi limejazwa. Katikati, mbele ya mlango, kama alivyotaka. Mpira wa maji umeingizwa dirishani, Deo amesimama hapo na tabasamu la bwana harusi. Samaki wa rangi ya machungwa, na wengine weusi wenye macho ya kutokeza. Kweli wanapendeza. Mimi nilikuwa naangalia miguu ya meza.

Maji yalipofika nusu, nyumba ililalamika. Sauti ndogo, ya chini. Deo alijitia hamnazo.

Nikashuka kwa Mama. Kuna vumbi kwenye chai yake, kama pilipili manga. Kalitoa kwa kijiko, akanywa. Nikamwambia ahamie chumba cha Neema, binti yetu amebaki bweni kwa masomo ya likizo, na chumba kile kipo juu ya ardhi, si juu ya mbao.

"Mimi sihamishwi na samaki," akasema. "Siogopi chochote."

Jumamosi, 13 Desemba

Mlango wa chumbani kwetu haufungi. Jana ulifunga.

Naogopa.

Jumapili, 14 Desemba

Baada ya misa majirani wamekuja kuona tangi. Wameingia wote kwa pamoja, na viatu vyao vya kanisani. Nikaona maji yanatikisika ndani ya kioo. Hakuna aliyeligusa. Walikuwa wanatembea tu.

Nilitaka kupiga kelele. Nikagawa soda.

Walipoondoka nikainama. Marumaru chini ya meza ina ufa, mwembamba, unaelekea dirishani. Nimemwonyesha Deo. Akaenda chumbani akaleta zulia, akalitandika juu yake. Ndipo nilipojua kwamba na yeye anaogopa. Nilidhani nikijua hivyo nitatulia. Ndiyo kwanza nimezidi kuogopa, maana sasa hakuna hata mmoja ndani ya nyumba hii anayeamini sakafu yake.

Na Krismasi inakuja. Kaka zake, wake zao, watoto wao, wote kwenye sebule hiyo hiyo, maana nyama lazima igawiwe nyumbani kwa baba. Watasimama wazunguke tangi. Na mwenye nyumba, aliyewazaa, atakuwa chini yao anakoroga mtori wa ndizi.

Alhamisi, 18 Desemba

Kila asubuhi namsalimia, shikamoo Mama, umelalaje? Kila asubuhi salama. Leo nikashindwa. Nikamweleza yote. Mchwa, zege, ufa, zulia. Nikamwambia juu ya kichwa chako kuna ng'ombe amesimama, Mama, na anasimama kwenye ubao uliooza.

Akaniuliza jambo moja tu. Deo anajua?

Anajua.

Akarudi kuchambua maharage. Halafu akasema, basi usiwaambie kaka zake.

Nilikasirika. Mtoto anaficha aibu yake kwa marumaru, mama anamfunika mtoto kwa maisha yake, na mimi niliyeolewa tu humu ndiye nibebe hofu ya wote. Nikapanda juu na namba ya Shemeji Aloyce kwenye simu. Sikupiga. Mke anayemshitaki mumewe kwa kaka zake hana pa kukaa tena hapa. Hilo nalo naliogopa. Nimejiona mnyonge sana leo.

Jumatatu, 22 Desemba

Lazima niandike haya.

Deo alikuwa ameshuka Himo kutafuta mbuzi wa sikukuu. Nilikuwa napanga vitambaa kwenye makochi. Nikasikia ko! Kama kuni kavu ikivunjwa gotini. Zulia likainuka upande mmoja. Nikaangalia tangi, maji yamepanda upande wa dirishani na kushuka upande wa mlangoni. Meza imeinama.

Sijui nilishukaje ngazi. Mama alikuwa anamenya ndizi, kitambaa chake cha kichwani kimejaa vumbi. Nikamshika mkono. Akasema ngoja, sufuria. Nikamwambia Mama, achana na sufuria! Sijawahi kumpigia kelele maisha yangu yote. Nikamtoa nusu nimembeba, nikamketisha kwenye jiwe karibu na banda la ng'ombe.

Halafu nikarudi juu. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote. Nilipita nimejibana ukutani, sikuthubutu kukanyaga katikati. Nikatumbukiza mpira kwenye tangi, nikanyonya, mdomo ukajaa maji ya samaki, nikautupa nje ya dirisha kwenye migomba. Yakaanza kutoka. Taratibu mno. Kila nilipovuta pumzi nilidhani sakafu imenisikia. Samaki nikawachota kwa chujio la chai, nikawatia kwenye beseni la kufulia.

Deo akatokea mlangoni na mbuzi kwenye kamba.

"Umefanya nini?"

"Usikanyage hapo."

Akapandisha sauti. Krismasi yake, tangi lake, nyumba yake. Nikamwacha amalize. Nikamwambia nenda chini, simama pale mama yako alipokuwa amekaa, halafu angalia juu.

Jumanne, 23 Desemba

Alikwenda. Akabandua mbao za dari kwa nyundo. Boriti imepasuka kwa urefu wake, imeshikiliwa na misumari ya mbao za juu tu. Ilikuwa sawasawa juu ya kigoda cha Mama. Deo alikaa kwenye kigoda hicho akalia. Sikumbembeleza. Sikuwa na nguvu hiyo.

Jioni akampandisha mama yake mgongoni hadi chumba cha Neema. Safari hii Mama hakubisha.

Leo Eliapenda amekuja mapema, hakusema, 'si niliwaambia?' Wameanza kung'oa marumaru. Mrunda wa kwanza umesimama. Halafu Deo akachukua simu, akatoka uani, akaongea kwa sauti ambayo hata mimi jikoni nilisikia.

"Shikamoo kaka. Mkifika msiingie sebuleni. Mama mzima. Nyumba imenishinda, nimeiwekea nguzo."

Kaka yake alisema maneno mengi. Deo aliitikia ndiyo kaka, ndiyo kaka. Nilimwonea huruma. Na nilimpenda, kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Jumatano, 24 Desemba

Asubuhi ya utulivu. Mlima uko wazi. Shemeji zangu wako njiani kutoka Dar, wamepita mji wa Same, watafika mchana. Nyama tutagawia uani.

Fundi anataka nafasi ya mrunda wa pili, nikashuka peke yangu kuondoa kitanda cha Mama. Kiko nyuma ya pazia lake, na huko huwa siingii. Nikavuta pazia. Kitanda hakipo mahali pake. Kimebanwa kwenye ukuta wa mawe, kona ya mbali kabisa, hata mtu hawezi kupitisha mguu.

Sakafu ya chini ni ya udongo. Kuanzia pale kilipokuwa hadi kona ile, miguu ya kitanda imechora mistari. Mifupi, mifupi. Mstari unakwenda kidogo, unaishia. Unaanza tena, unaishia. Na kando ya mistari kuna alama za mviringo, za magoti.

Nilikaa chini. Huyu ndiye aliyeniambia haogopi chochote.

Kisha nikasikia Deo anashuka na mrunda begani. Nikachukua fagio, nikafagia yote, mistari na magoti. Akauliza kama nimemaliza. Nikamwambia ndiyo, ingia.