Ngumi ya Namba Kumi

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: Fundi Sindano, ndivyo anavyojulikana mtaa mzima
Umri: miaka 43
Kazi: fundi cherehani
Makazi: chumba cha uani, nyumbani kwa baba mkwe wake

Ameonywa kusema kweli tupu, naye amekubali. Anaeleza:

Mnamo Jumamosi tarehe 14 ya mwezi huu, kama saa nne asubuhi, nilikwenda kwa kinyozi wetu kunyolewa. Nilifuatana na baba mkwe wangu. Yeye hanyolewi, maana kichwani hana kitu, lakini Jumamosi pale hakosi. Zamani alikuwa bondia wa uzito wa juu, wakamwita Nyundo, na jina hilo analo mpaka leo ingawa kazi yake sasa ni kulinda ghala la saruji.

Afande ameuliza watu wazima wamegombaniaje picha, basi nieleze. Juu ya kioo cha kinyozi zimebandikwa picha kumi za mabondia bora wa uzito wa juu wa nyakati zote, kuanzia namba moja. Muhammad Ali yuko juu, Joe Louis anamfuatia, na kila Jumamosi hakosekani mtu wa kutaka kuwabadilisha nafasi. Wako wanaomtetea Marciano kwa kuwa alistaafu bila kupigwa hata mara moja. Wako wanaosema Tyson wa ujanani angewalaza wote kabla hawajapata jasho. Baba mkwe ni mtu wa Foreman, aliyeuchukua tena ubingwa akiwa na miaka arobaini na mitano. Akifika hapo hugonga ukuta kwa kiganja.

Sheria ya pale ni kwamba picha haihamishwi bila kura. Mwenye duka hapigi. Kura zikilingana, mwamuzi ni yule aliyeko kwenye kiti, kwa sababu huyo hana pa kwenda. Kinyozi hamalizi kichwa cha mtu mpaka jibu lipatikane.

Namba kumi ni baba mkwe wangu. Ni picha ya zamani, kavaa glavu, kifua wazi. Kinyozi aliibandika kitambo, nusu utani nusu heshima, na hakuna aliyewahi kuhoji. Baba mkwe hakuuona utani. Nimeishi kwake tangu nioe, najua anavyojitazama akipita mbele ya ile picha.

Siku hiyo akaingia fundi wa matairi, tunamwita Pancha, ameshika picha ya bingwa wa siku hizi. Akasema, "Namba kumi ampishe mwenzake. Mzee wetu tunampenda, ila hapa tunaongelea dunia, hatuongelei mtaa." Wakati huo nusu ya kichwa changu ilikuwa imeshanyolewa. Kinyozi akazima mashine. Pancha kura moja, baba mkwe kura moja, wengine walikuwa hawajafika.

Kinyozi akaniambia, "Sindano, umebaki wewe."

Nilikuwa nimefungwa kitambaa shingoni, mikono iko ndani. Mbele yangu kioo, na ndani ya kioo baba mkwe ananitazama. Afande, nilibanika. Nikisema abaki, nimedanganya Ali na Joe Louis wakinisikia. Nikisema atoke, jioni narudi kulala kwa nani? Nikasema, "Jamani nimalizieni kichwa, nina nguo za watu."

Baba mkwe akasema kwa upole, "Mkwe wangu, si ujibu tu."

Sikujibu. Niliuona uso wake unavyonyong'onyea, na roho iliniuma sana.

Pancha akasema, "Kunyamaza kwake ndiyo jibu lenyewe," akanyoosha mkono kuibandua picha. Baba mkwe akainuka, akarusha ngumi ya kulia. Pancha akaenda chini. Kinyozi alikuwa ameinama kuchomeka mashine kwenye umeme, alipoinuka alikuta mtu yuko sakafuni. Mimi niliona kila kitu kwenye kioo. Niliyoyaona nitayasema, lakini naomba nimalize kwanza yaliyofuata.

Askari walipofika, baba mkwe aliwanyooshea mikono mwenyewe. Akasema, "Ni mimi. Ngumi moja tu." Pancha alipelekwa hospitali na taya lililovunjika, na nasikia alipoulizwa kama alipigwa aliitikia kwa kichwa.

Leo asubuhi nimekuja hapa na mke wangu. Yuko nje kwenye benchi, ameshika dawa za presha za baba yake. Ameniambia, "Akifungwa hatoki mzima. Kama kuna unachokijua, kiseme, nakuomba."

Nilipopitishwa karibu na mahabusu, baba mkwe alisogea kwenye nondo. Wenzake wa humo ndani walikuwa wamempa blanketi la kukalia, wanamwita bingwa. Akaniuliza, "Uliona ilivyotua?"

Nikamwambia, "Baba, watakufunga."

Akasema, "Wanifunge. Kule kwenye kiti ulininyima kura. Ngumi hii usininyime."

Alikuwa na furaha. Tangu mama mkwe afariki sijamwona hivyo, na ningependa mtu mwingine ndiye aulizwe haya ninayoulizwa mimi.

Ngumi haikumfika. Ilipita mbele ya kidevu cha Pancha, ikapiga hewa. Pancha alirudi nyuma kuikwepa, kisigino kikanasa kwenye kisanduku cha mbao wanachokalishwa watoto wakinyolewa, akaanguka kiubavu, taya likagonga ukingo wa sinki. Baba mkwe hadanganyi anaposema alimpiga. Aliporusha alikuwa amefumba macho, na alipoyafumbua mtu alikuwa chini. Pancha naye simlaumu. Kuangushwa na Nyundo mtu anaweza kusimulia. Kisanduku cha watoto hakisimuliki.

Nilifikiria kusema sikuona. Lakini kinyozi atawaonyesha kiti kinatazama wapi.

Nimeomba maelezo haya yasisomwe mbele ya baba mkwe wangu. Aambiwe Pancha amesamehe, au faili halionekani, chochote kile. Afande amenijibu kwamba haiwezekani.

Nina neno moja la mwisho, na naomba liandikwe. Kura yangu sikuwahi kuipiga. Naipiga hapa: abaki namba kumi.

Nimesomewa niliyoyasema, nimeyakubali kuwa ni yangu, na hakuna aliyenilazimisha.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maandishi ya askari mpokea maelezo: Maelezo yamechukuliwa nami, koplo wa zamu, chumba namba mbili. Shahidi alikuwa na akili timamu. Nusu ya kichwa chake haijanyolewa. Mtuhumiwa amesomewa maelezo yote pamoja na kura, na kuarifiwa kuwa anaachiwa kwa onyo. Aliuliza kama kioo cha kinyozi kinaweza kuaminika. Amekataa kutoka. Binti yake amemwita mara kadhaa. Mlango wa mahabusu nimeuacha wazi.